Pumzi Isiyorudishwa

4 Machi

Kibubu wangu,

Usishtuke kuona barua. Mama hajambo, mimi sijambo, hakuna mgonjwa nyumbani. Ningekupigia simu, lakini nakujua: utasema "ndiyo, dada" mara kumi kisha utakata, na jambo hili halijibiki kwa "ndiyo, dada".

Ni kuhusu mashine ya pumzi ambayo karakana yenu ilituletea wodini. Unaijua kuliko mimi. Mgonjwa anafungwa mkanda kifuani, waya wa mkanda unachomekwa ubavuni mwa mashine, na skrini inachora mstari unaopanda akivuta pumzi na kushuka akiitoa. Sasa ile ya kitanda cha dirishani ina vituko. Kitanda ni kitupu, shuka limetandikwa, mkanda umening'inia kwenye ndoano. Juzi mfanya usafi aliuchomeka waya ili usiburuzike akipiga deki, na mstari ukaanza kutembea. Unapanda, unashuka, taratibu, kama mtu aliyejilaza mchana.

Alitoka mbio akaacha ndoo mlangoni. Nilipomwambia ni mitambo tu, alinigeukia: "Mitambo ya nani, Sista? Mitambo haivuti pumzi. Mimi pale sikanyagi tena."

Nimeuchomoa waya, nimeifunika mashine kwa shuka. Nakuuliza wewe uliyesomea mambo haya: inawezekana mashine ikabaki na pumzi ya mtu? Wa mwisho kuitumia alikuwa mzee mmoja. Usimwambie bosi wako kwanza. Niambie mimi.

Dada yako


8 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena. Tangu msiba wa Baba hatujaandikiana, nami nilidhani umenikasirikia kwa kuchelewa. Nilipofika, Baba alishazikwa na viti vilikuwa vinapakiwa kwenye gari kurudishwa vilikokodiwa. Sikujua nimsalimie nani. Nilisaidia kubeba viti.

Swali lako nimelifanyia kazi. Kati ya mkanda na skrini kuna programu ndogo tunayoiita draiva. Waya ukichomekwa, draiva inaazima vitu kwenye kompyuta ya mashine: kwanza inaazima memori, yaani mahali pa kuziweka pumzi zinazoingia, kisha inaazima kengele ya kuiamsha kila pumzi mpya inapofika. Mgonjwa akimaliza, inatakiwa irudishe vyote. Isiporudisha, vitu vinabaki mikononi mwake, na huwezi kujua vitafanya nini.

Aliyeiandika ni mwenzangu mmoja hapa tunayemwita Mjuaji. Nilimuuliza bila kutaja wodi. Alicheka mpaka karakana nzima ikageuka. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, mdogo wangu, lakini memori ya kuazima mimi naifua, naipiga pasi, na ninairudisha. Huyo aliyekuuliza anahitaji likizo, si draiva." Jibu lilinijia jioni nikipiga mswaki.

Nimejaribu mwenyewe. Nilijifunga mkanda, nikapumua, nikabonyeza kitufe cha Maliza, nikachomoa waya, nikachomeka tena. Skrini ilikuwa safi. Nimerudia kutwa nzima, na kila mara ni safi.

Niandikie mnavyomtoa mgonjwa kwenye mashine, hatua kwa hatua. Na kama unaweza, nichoree huo mstari.

Mdogo wako,
Kibubu


12 Machi

Kibubu,

Marahaba. Sijakukasirikia. Mambo ya viti achana nayo.

Tunamtoa mgonjwa kama karatasi ya ukutani inavyosema. Maliza, kisha waya, kisha swichi. Sisi si watoto.

Mchoro huo hapo. Niliweka karatasi nyembamba juu ya skrini nikaufuata mstari kwa penseli, kwa hiyo mkono uliotetemeka ni wangu, si wa mashine. Ukifika mwisho unaanza upya, unazunguka hivyo hivyo bila kuchoka.

Nimebandika kibao cha MBOVU. Sista Mkuu hakuridhika. "Mbovu vipi, na taa inawaka?" Nikamwambia inangoja fundi. "Fundi gani?" Nikasema mdogo wangu. "Yule asiyesalimia?" "Anasalimia, Sista Mkuu, ila anasalimia kwa ndani." Alicheka, akanipa muda. Lakini wodi imejaa, na mashine tulizonazo hazitoshi, kwa hiyo muda wenyewe si mrefu.

Dada yako


15 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo.

Nimeuweka mchoro wako mezani chini ya taa, nikaufuata kwa kidole. Vuta kidogo. Vuta kidogo tena. Kisha mstari unakaa pale juu, haupandi wala haushuki, halafu ndipo unashuka polepole sana. Nilipofika pale juu nilijikuta nimebana pumzi. Sikukusudia. Mwili wangu ulikuwa unamsubiri mtu aendelee.

Unakumbuka Baba alivyosimulia? Tangu rangi za magari alizokuwa akipuliza gereji zimharibie kifua, alikuwa anavuta mara mbili, anatulia katikati ya sentensi, na sisi wote mezani tunatulia naye, kijiko hewani. Mama alikuwa akimwambia, "Malizia basi, watoto watakufa kwa kukosa hewa."

Dada, huyo mzee mmoja ni nani?

Sitakulazimisha. Ila lipo jambo jingine ambalo lazima unijibu. Jana nilijikwaa kwenye waya nikiwa nimejifunga mkanda, ukachomoka kabla sijabonyeza Maliza. Mjuaji akapiga makofi: "Hongera, umeua mgonjwa!" Nilipouchomeka tena, nikaziona pumzi zangu mwenyewe zikitembea kwenye skrini, nami nimekwisha kuuvua mkanda. Mjuaji aliacha kucheka. Alivuta kiti akakaa.

Tulisoma draiva pamoja. Wakati wa kufunga, inarudisha kengele kwanza. Kisha inauambia mkanda usimame. Lakini kama waya umeshachomolewa, mkanda haujibu, na draiva ikikosa jibu inakata tamaa, inaondoka hapo hapo. Memori haijarudishwa. Ukichomeka mkanda mwingine, draiva inajiuliza, "Je, ninayo memori?" Inaikuta ile ya zamani, inajiona imeshajiandaa, haiazimi kengele tena. Kwa hiyo hakuna pumzi mpya itakayoingia. Skrini itazunguka na zile za nyuma mpaka mashine izimwe.

Hatukuwahi kuliona hili kwa sababu hapa karakana kila mtu hubonyeza Maliza kwanza. Mkono wenu huanza na nini, Dada? Si ule wa karatasi ya ukutani. Mkono wenu.

Kibubu


19 Machi

Mdogo wangu,

Mkono wetu huanza na waya.

Mgonjwa akipona, tunafuata karatasi. Maliza, waya, swichi, kwaheri, usirudi. Lakini mtu akiwa anakata roho na ndugu zake wamezunguka kitanda, hatungoji mstari ulale. Mstari ukilala mashine inapiga ukelele, na huo ukelele ndio ndugu watakaoondoka nao nyumbani. Kwa hiyo mmoja wetu anajifanya ananyoosha shuka, anapitisha mkono kando, anachomoa waya. Hakuna aliyetufundisha. Tunarithishana tu. Swichi tunazima baadaye, chumba kikiwa kimya.

Baba nilimchomolea mimi. Mama alikuwa amemshika miguu. Niliuchomoa akiwa bado amekaa pale juu, hajashusha, na sikuzima swichi kwa sababu sikurudi chumbani. Wenzangu waliniona nilivyo, wakaiacha mashine ilivyo.

Sikukwambia ni kitanda kile kwa sababu ungeniuliza alikufaje, na mimi ningelazimika kukuandikia ninayoyaandika sasa.

Na si mfanya usafi aliyeuchomeka waya mara ya kwanza. Ni mimi. Niliuchomeka kwa mazoea, nikitaka kuusokota vizuri, na Baba akaanza kupumua. Nilikaa kitandani. Sasa kila siku saa ya chai wenzangu wanaenda jikoni, mimi nachukua kikombe changu naenda dirishani, nafunua shuka, nachomeka. Sisemi naye, usidhani nimerukwa na akili. Nakunywa chai tu, na yeye anapumua.

Utaniuliza, kabla ya Baba je? Hukuuliza, lakini nimewaza. Kabla yake alikufa mama mmoja kwenye kitanda hicho hicho. Sikumbuki kama mashine ilizimwa. Siku tuliyomfunga Baba mkanda, mstari ulikuwa umetulia mno, nikamwambia Mama, "Tazama, anaendelea vizuri, nenda ukanywe maji." Ule mstari ulikuwa wa nani, Kibubu?

Usinitumie dawa ya hiyo draiva. Nakuomba. Ulikuja viti vinapakiwa, hukuwepo. Niachie hiki.

Dada


23 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Ndani ya bahasha kuna flashi. Dereva wa gari la vifaa ataikabidhi mkononi mwako.

Ule mstari wa kwanza ulikuwa wa nani, sijui. Uliouchora ni wake, kwa hiyo mashine iliwahi kuzimwa kabla hajafa, ila kama ni kabla ya siku hiyo au baada yake, hakuna namna ya kujua. Kama ilizimwa kabla, ulikuwa wa Baba. Kama ilizimwa baadaye, haukuwa wake. Kama mlikuwa mmeona ukibadilika alipokohoa, ulikuwa wake. Natamani ningekuandikia jambo zuri zaidi kuliko hili, lakini ukinikamata na uongo mmoja hutaniamini kwenye mengine.

Nimevunja ahadi. Nimemwambia Bosi. Sikumtaja Baba wala chai yako, nilimweleza draiva tu. Mashine hizi ziko wodi nyingi, Dada, na waganga na wauguzi wa huko nao wana huruma kama yenu. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akaniuliza kama nimegandishwa na gundi. Nilipoanza kusema, sauti ilitoka kama ya panya, lakini ilitoka. Aliniambia, "Wewe umeliona, wewe utalirekebisha. Mjuaji atakaa pembeni akunywee chai." Mjuaji akasema chai hiyo ataifanyia kazi kwa bidii.

Basi hii ndiyo kazi yangu ya kwanza. Sasa draiva inarudisha kila kitu kwa kufuata kinyume cha ilivyochukua: kilichochukuliwa mwisho kinarudi kwanza. Mkanda usipojibu, inaendelea kurudisha bila kusubiri jibu. Na memori, kabla ya kuirudisha, inaijaza sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mstari huo wa programu unaojaza sifuri niliuandika mchana kweupe, watu wakipiga soga nyuma yangu, na nilijua nafuta nini. Niliuandika, nikaufuta, nikaenda kuosha mikono, nikarudi nikauandika.

Kuweka ni rahisi. Chomeka flashi, zima, washa. Memori haiishi bila umeme. Hakuna njia ya kuitoa humo nikakuhifadhia. Nimejaribu kwenye yetu.

Unasema nikuachie hiki. Mimi sikuachiwa hata hiki, ila mchoro wako wa penseli. Nilitaka kuomba ruhusa nije nikae nawe dirishani mara moja tu. Nilishavaa viatu. Kisha nikafikiri: nikija, nitakusaidia kuificha.

Kuna mtu atakayelala kitanda hicho. Tafadhali, Dada.

Kibubu


26 Machi

Kibubu,

Nimeshaweka. Kila kitu sawa. Skrini inawaka kama zamani, nembo ile ile, hakuna tatizo. Mshukuru Bosi wako.

Kazi ni nyingi, nitaandika vizuri siku nyingine.

Dada


29 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo.

Draiva yangu haiwashi nembo ile ya zamani. Niliiondoa. Inaandika kwa rangi ya kijani: HAKUNA MGONJWA, SUBIRI. Ungekuwa umeiweka ungeniandikia kuhusu hiyo kijani, maana ni mbaya sana na wewe huwezi kuacha kusema.

Sijamwambia Bosi. Kwenye orodha yake wodi yenu nimeiwekea alama kwamba imekamilika. Ni mara ya kwanza kuandika uongo kazini, na tangu hapo nikisikia simu ya karakana ikiita naacha kila ninachofanya, natazama nani anapokea, natazama uso wake.

Usiku wa jana, au asubuhi, sijui, niliota nimefungwa mkanda na nawaambia watu siwezi kupumua, na wote wanatazama skrini wanaitikia kwa vichwa. Sikuambii ili nikutishe. Nakuambia tu nilichoota.

Sikukasirikii. Nakungoja. Lakini mwenye kitanda hatatungoja sisi.

Kibubu


2 Aprili

Kibubu wangu,

Kaa chini usome. Hakuna aliyekufa.

Jana wodi ilifurika. Mimi nilikuwa chumba cha dawa. Mwenzangu wa zamu akapokea mama mmoja, fundi cherehani, kifua kimembana, na kitanda kilichobaki ni cha dirishani. Akatoa kibao changu cha MBOVU, akafunua shuka, akaona mashine inawaka. Akamfunga mkanda, akachomeka waya. Mstari ukaanza kutembea, taratibu, vizuri kabisa. Akamwambia, "Umetulia, mama, lala," akaenda kwa mwingine. Hana kosa. Kibao kilikuwa cha kuficha siri yangu tu. Ila hata kama kingekuwa cha onyo la kweli, nani anatii kibao mashine inapoonekana inafanya kazi?

Mimi nikatoka chumba cha dawa na trei mkononi. Niliona skrini kwanza. Nilimwona Baba. Nitakuambia kweli, maana wewe uliniambia: nilifurahi. Nilisimama pale nikimtazama, na nadhani nilitabasamu. Alivuta, alivuta, akakaa pale juu. Ndipo nikasikia kitu kinagonga chuma. Yule mama alikuwa anapiga kitanda kwa pete yake. Hakuweza kuita. Midomo ilishaanza kubadilika rangi, na macho yake yalikuwa yananitazama mimi ninayetazama skrini.

Trei sijui niliiachia wapi. Tulimpa hewa, tulimkalisha, mwenzangu alimshika mgongo, Sista Mkuu alikuja mwenyewe na sindano. Kifua kilipoanza kufunguka, Sista Mkuu akageukia mashine, mstari umetulia kama maji ya mtungi, akaniuliza, "Hiyo inampima nani?"

Nilisema, "Baba yangu."

Hakunielewa, au alinielewa. Alinipisha njia.

Flashi ilikuwa mfukoni mwangu, imekaa humo tangu dereva aliponipa. Niliichomeka. Nilishika swichi. Nilidhani nitasubiri ashushe pumzi ya mwisho, nizime akiwa chini, kwa heshima. Lakini kwenye pumzi hiyo ya mwisho, anapofika pale juu mstari unaanza upya, Kibubu. Hiyo haishushi. Mimi ndiye niliyeuchomoa waya kabla hajashusha, na humo ndani hajawahi kuishusha, amekuwa akianza upya siku zote hizi nikinywa chai. Kwa hiyo hapakuwa na mahali pazuri pa kuzima. Nilizima tu.

Kijani chako ni kibaya, kweli. Mwenzangu amesema kinafanana na matapishi.

Nikamfunga yule mama mkanda upya. Mstari wake ni wa hovyo, umejaa miiba, unakwenda mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Nilikaa kando yake nikaukodolea macho, nikisubiri mahali pa kutulia, na hapakuwepo, ilikuwa miiba mitupu. Nikaanza kulia. Si kwa kishindo, lakini yeye aliona.

Sauti ikamtoka, nyembamba: "Sista, mbona unalia? Kwani nakufa?"

"Hapana, mama. Unapumua."

"Basi niachie mkono, unauminya. Ndio ninaoshonea."

Dada yako